Swali la Arobaini na Moja

…kwa sababu jibu ni moja tu na yale mengine matatu ni mitego, ndivyo alivyokuwa akisema mwalimu wao wa chuo, Madamu Doreen, mitego kama ya fuko, ukiingiza mguu umekwisha, na Sekela aliuingiza mguu mwaka ule, miaka minane sasa, kwenye swali la mgonjwa wa sukari, ndiyo maana tangu asubuhi hajatoka kwenye ukurasa huu, kitabu kimeegemea sufuria, yeye kwenye kigoda, beseni la ndizi mbichi miguuni, kisu mkononi, anamenya anasoma, anasoma anamenya, swali la arobaini na moja, mwanamume wa miaka sabini na mbili, amechomwa insulini saa moja asubuhi, sasa ni saa nne, anatoka jasho, anatetemeka, maneno yake hayaeleweki, wewe muuguzi uliye zamu utaanza na lipi, na Kiingereza chenyewe cha mtihani, mwe, kinazunguka kama mshenga aliyesahau alichotumwa, lakini safari hii atakikamata, Jumatatu ndiyo mtihani wenyewe wa leseni, Mbeya, na leo Alhamisi, na Erasto mumewe alishasema kabla hajaondoka na lori la chai, hii ni ya mwisho, ukianguka tena mke wangu hayo makaratasi tutawashia moto, na alisema akicheka, Erasto mambo yote mabaya huyasema akicheka, ili ukinuna aseme alikuwa anatania… na huko nje, upande wa pili wa ubao wa jiko, mama mkwe alikuwa akipuchua maharage na Veronika jirani, yule mama wa kikundi cha maombi, na sauti zao ziliingia kwenye nyufa za mbao bila kubisha hodi, Nesi wako bado anasoma? aliuliza Veronika, na mama mkwe akasema, Anasoma, tangu aolewe anasoma, watoto wangu mimi walisoma wakamaliza, huyu anasoma tu, na Veronika akacheka kile kicheko chake cha kanisani, cha kufunika mdomo kwa khanga, Uvumilivu mama, mgomba unazaa upesi lakini mbuni unasubiriwa, na mama mkwe akatema kitu, ganda la haragwe labda, Huu wangu si mbuni, Veronika, huu ni mnazi nimeupanda Rungwe, wakacheka wote wawili, wakacheka mpaka Veronika akakohoa, na Sekela akalikata ganda la ndizi pamoja na nyama yake, akaitupa kwenye beseni hivyohivyo, mnazi Rungwe, kwenye baridi hii, sawa, waseme…

wana haki ya kusema, akawaza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewapa mdomo, alipoanguka mara ya kwanza hakusema ameanguka, alisema matokeo yamezuiliwa, mchungaji akamwombea mbele ya kanisa zima matokeo yafunguliwe, na yeye akapiga magoti, akaitikia amina, juu ya uongo wake mwenyewe akaitikia amina, na mara ya pili, ee Mungu, ile ya pili hata Erasto haijui, alifika Mbeya kabisa, akaiona foleni mlangoni, watoto wadogo wa juzi, wamenyoosha nguo, wanaulizana maswali kwa Kiingereza kama wanarushiana mpira, mmoja akamwamkia, Shikamoo mama, unamsindikiza nani? na miguu yake ikageuka yenyewe, akaenda mtaa wa Kabwe hapohapo mjini akanunua chipsi, akala, akakaa mpaka saa za kutoka zikafika, akarudi nyumbani Masoko akasema mtihani ulikuwa mgumu lakini Mungu ni mwema, na tangu hapo anauza panadoli kwenye duka la dawa la mtu kule Makandana, kanisani wanamwita nesi, anawapima akina mama presha baada ya ibada, na kila akiitwa nesi kitu fulani kinamchoma chini ya titi la kushoto, lakini anaitika, anaitika vizuri tu… na swali, rudi kwenye swali, a, mlaze mgonjwa apumzike, b, mpe kitu chenye sukari anywe, c, mpe maji mengi, d, hakikisha njia ya hewa na umwite daktari, mwaka ule aliandika a, kwa sababu mtu anayetetemeka mwache apumzike, ndivyo bibi yake angefanya, na Madamu Doreen siku moja wodini alimwambia mbele ya wenzake, wewe Sekela una mikono mizuri na kichwa cha kuazima, mgonjwa hasubiri ufunue ukurasa, na wote wakacheka, hata yule mgonjwa alicheka…

Lakini baba mbona amevua koti? ilikuwa sauti ya Veronika, na Sekela akainua kichwa, maana hakujua kwamba mzee yupo pale nyuma, hakumsikia akikohoa, na huyu mzee hukohoa siku zote, mara mbili, kabla ya kukatiza uani, ndiyo heshima yake, ili mkamwana asikie apate kujificha, kwani kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hamtazami baba mkwe, hamsalimii, haketi naye chini ya paa moja, na jina lake halitaji hata kichwani, vijana wa Tukuyu mjini wameyaacha hayo, wanapiga picha na wakwe zao kwenye simu, lakini si mji huu, mji huu ni wa mzee wa kanisa na mila zake zote mbili, ya kanisa na ya ukoo, zimesimama, miaka tisa ya ndoa Sekela hajauona uso wake mzima, anavijua viatu vyake, mabuti ya shambani, anaijua kofia, anaujua mgongo ukishuka kwenye migomba, na kanisani akipewa somo kutoka Luka husema Injili ya tatu, watu wanajua kwa nini, wanatabasamu, hakuna anayeuliza… na leo hakukohoa, amekuja akakaa nyuma ya jiko bila kukohoa, na mama mkwe alikuwa akisema, Namwona, amevua, na mwezi wa sita huu, tazama shati lilivyolowa mgongoni utafikiri ametoka ziwani, na Sekela akavuta sweta lake kifuani, mvuke ulikuwa unamtoka mdomoni kila akipumua, na mtu anatoka jasho, akatazama kitabu, anatoka jasho, akatazama ubao, na Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichohisi hakikuwa hofu, kilikuwa furaha ndogo, kama ya mtoto aliyeona jibu kwenye daftari la jirani, akasema moyoni, moja…

akangoja ya pili, ndiyo, alingoja, kisu kimesimama hewani, na yalipita mambo mengi katika kungoja huko, aliwaza kwamba dawa ya sukari ya mzee ameiandaa mwenyewe, kama kila siku, chupa hukaa kwenye chungu cha maji pale pembeni, saa moja kamili yeye huvuta yuniti kumi na nane kwenye bomba, hulilaza kwenye sahani, hulifunika kitambaa, na mama mkwe hulibeba kwenda kumchoma, kwa sababu mkono wa mkamwana haumgusi mzee, hata kwa sindano, na ndiyo kazi yote ya unesi anayoifanya duniani, kuvuta dawa ya mtu asiyeruhusiwa kumtazama, na leo alivuta kumi na nane, aliangalia, ni kumi na nane, si dawa basi, dawa ni ileile, labda homa, labda malaria, mzee anatoka jasho la malaria, funika kitabu umenye ndizi, akainama kwenye ufa wa mbao, hakutakiwa, akainama, akaona mkono mmoja tu juu ya kichwa cha fimbo, mkono mweusi wenye mishipa, na ule mkono ulikuwa unacheza, fimbo inagonga jiwe, ko ko ko ko, mbili, akasema moyoni, mbili… Ni njaa hiyo, mama mkwe alikuwa akimwambia Veronika, akashusha sauti, lakini sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya bonde haishuki sana, Nikwambie, ila usiseme, amefunga, toka jana mchana hajatia kitu mdomoni, hata maji, anasema mpaka Jumatatu mtoto wa watu atoke kwenye mtihani wake, Kwa ajili ya huyu? akasema Veronika, Kwa huyu huyu, na mimi nikamwambia baba Erasto wewe mtu mzima, yeye mwenyewe anakula, jana kala ndizi sahani mbili, wewe unamfungia, akaniambia nyamaza, anasema miaka tisa namkwepa mtoto yule kama mgonjwa wa ukoma, sina njia ya kumwambia kitu, niache nimwambie Mungu, na akanikataza nisimwambie mtu, mfungo si wa kutangaza…

na ndizi ikamtoka Sekela mkononi ikaanguka kwenye beseni, puu, hakuiokota, hajala, hajala tangu jana mchana na amechomwa kumi na nane, na asubuhi, asubuhi ile mama mkwe alisimama hapa mlangoni na sahani, akasema, Leo nayo tuweke hivyohivyo? na yeye, jicho liko kitabuni, akamjibu, Hivyohivyo mama, kila siku unauliza, na mama mkwe akaguna akaenda, lakini si kila siku anauliza, hajawahi kuuliza hata siku moja, lilikuwa swali lililofungwa kwenye kitambaa, na nesi gani asiyeuliza mgonjwa amekula nini, hilo ndilo la kwanza, liko ukurasa wa kwanza, kabla ya kuvuta dawa uliza kama amekula, lakini mkamwana haulizi mzee amekula nini, mdomo wa mzee hautajwi, unavuta kumi na nane unafunika unakaa kimya, b, jibu ni b, sukari, kijiko cha sukari kwenye maji, sukari hii hapa kwenye kopo, maji haya hapa, hatua nne kutoka kwenye kigoda mpaka mlangoni, au hata asitoke, aseme tu, mama mpe baba maji ya sukari, maneno sita, na akafungua mdomo, Mungu ni shahidi wake, alifungua, akaita, Mama… na mama mkwe akajibu palepale kabla hajamaliza, Nini tena, ndizi bado hata hazijaungwa, soma gwe, usije ukaanguka tukaambiwa ni sisi tuliokuita-ita, na Veronika akaongeza, Mwache nesi, asije akasema mtihani ulikuwa mgumu lakini Mungu ni mwema, kwa sauti ya Sekela mwenyewe, aliiga vizuri, aliiga mpaka kile kishindo kidogo cha pumzi anachokitoa mwishoni, wakacheka… kumbe wanajua, wanajua tangu zamani, wamekaa na uongo wake kama watu wanavyokaa na mbwa wa jirani, na Sekela akafumba mdomo, akasema moyoni, haya, basi, cheka, tuone nani atacheka saa tano, akasema hivyo, kwa maneno hayohayo, na meno yake yaligusana…

na ndipo mzee alipoanza kusema, kwanza kwa Kinyakyusa, Kyala, Kyala, akimwita Mungu, halafu vitu visivyo na kichwa, ng'ombe fulani aliyekufa zamani, mtu wa Matwebe, daraja, halafu kwa sauti kubwa, nyembamba, kama ya mtoto, akaita, Sekela, akaita tena, Sekela, Sekela, na uani maharage yaliacha kudondoka kwenye ungo, mama mkwe akasema polepole, Amemtaja mkamwana, Yesu wangu, amemwita kwa jina, na Sekela pale kwenye kigoda hakuwahi kujua kwamba mzee analijua jina lake, alidhani yeye kwake ni mke wa Erasto tu, na lilitamkwa vizuri, lilitamkwa kama jina linalotamkwa mara nyingi gizani, na Veronika akanong'ona, sasa na kicho, si kicheko, Mama usiogope, usimguse, huyu si yeye, ni maombi yamemshukia, niliona hivi kwenye mkesha, mtu hulowa hivi, hutetemeka hivi, hutaja majina, anamwombea mkweo, usimkatishe, ukimkatisha mtu kwenye maombi mzigo unamrudia, na akaanza kuimba chini chini, na mama mkwe akapokea, sauti ya pili, ya puani, na wimbo ulikuwa mzuri, hilo ndilo lililomuumiza Sekela baadaye na litakalomuumiza, kwamba ulikuwa mzuri… maneno yake hayaeleweki, tatu, zote tatu zimetimia, na sasa simama, simama gwe mwanamke, toka, waambie si Roho, ni sukari, na wao watasema ulijuaje, utasema nilisikia, tangu saa ngapi, tangu alipovua koti, na ulikuwa unafanya nini tangu alipovua koti, nilikuwa namenya ndizi, nilikuwa nahesabu, moja, mbili, na nani alivuta dawa, mimi, na uliulizwa asubuhi ukasema nini, hivyohivyo, na itafika kanisani kabla ya Jumapili, nesi amemchoma mkwewe dawa akiwa na njaa, na itafika Mbeya, na leseni ni ya watu wenye mwenendo mwema, mchungaji ndiye aliyemwandikia barua ya mwenendo, imo ndani ya bahasha ndani ya Biblia chumbani, mwaminifu, mwenye huruma… lakini akifa je, akifa leo watazika Jumamosi, mkamwana wa nyumba hatoki msibani siku mbili tu baada ya mazishi, atakuwa hapa anapika ndizi za waombolezaji na Jumatatu itapita, basi hata kwa ajili ya Jumatatu tu, si kwa huruma, kwa ajili ya mtihani wako, simama, na alishangaa kwamba amewaza hivyo, kwamba ameweka mtu kwenye mzani na Jumatatu, na kwamba Jumatatu ndiyo iliyoshuka, akasema Mungu nisaidie, na palepale akajua hilo si ombi, ni neno la kupitisha muda, kama mtu anavyosema naja, naja, akiwa bado kitandani…

dakika ngapi sasa, nne, tano, angesema ile ya kwanza ingekuwa kijiko cha sukari na kicheko, wangesema kumbe nesi wetu, angesema ya pili ingekuwa aibu, sasa ni ya tano na kila dakika anayokaa inakaa naye, inaongezwa kwenye kesi, hawezi tena kutoka bila kutoka na dakika zote, na huu ndio mtego, akawaza, si a wala c, mtego ni kukaa, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyolazimika kukaa, akatazama kopo la sukari, ni kopo la rangi ya bluu, limeandikwa kitu, hakuweza kukisoma, na akamwona mzee akishuka kwenye migomba, si sasa, siku nyingine, mwaka Sekela alipomzika mtoto wake wa kwanza, siku ya tatu alikuta mlangoni mwa jiko mkungu wa ndizi mbivu na maziwa kwenye kibuyu, hakuna aliyesema ni nani, na kwenye tope kulikuwa na alama za mabuti, zimekuja mpaka pale na kugeuka, na yeye alikunywa yale maziwa, aliyanywa yote amesimama, hakusema ahsante kwa sababu hakuna njia ya kusema, basi njia hii hapa, leo imefunguka, hatua nne, mwenyewe amekuita kwa jina, amevunja mwiko ili upite, pita… na fimbo ikaacha kugonga jiwe. Hakukuwa na kishindo, ilikuwa tu kwamba ile ko ko haikuwepo tena, na wimbo nao ukaisha taratibu, na mama mkwe akasema, Ametulia, na Veronika akasema, Amefika, mama, mzigo umetua, ona anavyolala, tazama mdomo, kama mtoto, mfunike koti, na pumzi ya mzee ikapita kwenye nyufa za ubao, nzito, inakwaruza, inangoja, halafu nyingine, na Sekela aliijua, aliisikia wodini mara moja tu lakini aliijua, na kichwa kile cha kuazima kikasema kwa haraka, kwa Kiingereza, Kiingereza kilichonyooka bila kuzunguka popote, kwamba b si jibu tena, mtu akishazimia humpi kitu mdomoni, sasa ni d, njia ya hewa, mlaze ubavu, pikipiki, hospitali Makandana, sasa hivi, na mitego yote mitatu aliiona inavyotegwa na kwa nini, aliiona kama mtu anayetazama bonde asubuhi ukungu ukiondoka, na akajua bila shaka yoyote kwamba Jumatatu, kama atakuwepo, atafaulu. Alikijua kila kitu. Hakuna alichokuwa hakijui, na miguu yake ilikuwa palepale pembeni ya beseni, imekaa pamoja, kama miguu ya mtu aliye ibadani, na akaitazama akingoja ione haya.

Sekela, mama mkwe akaita kupitia ubaoni, na safari hii aliita kwa upole, upole ambao hajawahi kumpa tangu aolewe, Sekela mwanangu, usigonge masufuria, baba amepata usingizi, alikuwa anakuombea.

Ndiyo, mama, Sekela akajibu, na sauti ilitoka laini, ya chini, isiyotetemeka hata kidogo, sauti ya nesi kabisa.